Mahali Katika Matini Inayobadilika: Nambari, Alama na Mpaka wa Mofimu

Utangulizi

Mtafiti wa Kiswahili anayefanya kazi na matini kwenye kompyuta hulazimika, mapema au baadaye, kuhifadhi kumbukumbu ya mahali. Hutaka kujua mzizi wa kitenzi fulani unaanzia wapi, ubeti wenye utata uko wapi, au neno lililotiwa maelezo liko wapi. Maadamu matini haiguswi, kazi hiyo ni nyepesi. Hata hivyo, matini zinazochunguzwa vyuoni ni nadra kubaki bila kuguswa: tahajia husahihishwa, mshororo uliorukwa hurejeshwa, kosa la mpiga chapa huondolewa. Kila badiliko lifanyikalo juu husukuma au kuvuta kila kilichopo chini yake, na maelezo ya miezi mingi yanaweza kujikuta yameshikilia maneno yasiyohusika.

Mhadhara huu unafafanua jinsi programu moja ya kuhariri matini, iitwayo Emacs, inavyolikabili tatizo hilo. Aidha, unaonyesha kwamba utatuzi wake unamrudishia mwanaisimu swali lililo lake tangu awali: mpaka ulio baina ya mofimu mbili ni wa mofimu ipi?

Emacs ilianza mwaka 1976 katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, kwa kazi ya Richard Stallman na Guy Steele. Toleo linalojulikana leo kwa jina la GNU Emacs lilianza kusambazwa mwaka 1985. Sifa yake kuu ni kwamba sehemu kubwa ya programu yenyewe imeandikwa kwa namna ya lugha ya Lisp, na mtumiaji anaweza kutunga amri zake kwa lugha hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo, jambo ambalo katika programu nyingine limefichwa, yaani namna mahali panavyokumbukwa, katika Emacs liko wazi mbele ya mtumiaji na laweza kuamuliwa naye.

Nambari na upungufu wake

Katika Emacs, mahali hapako juu ya herufi bali baina ya herufi na herufi. Mahali pa 1 ni kabla ya herufi ya kwanza, mahali pa 2 ni baina ya herufi ya kwanza na ya pili, na kadhalika. Nafasi tupu baina ya maneno nayo huhesabiwa kuwa herufi. Tuseme matini ni hii:

Mtoto anacheza

Matini hii ina herufi 14, na kwa hiyo ina mahali 15. Mpaka baina ya kiambishi cha njeo -na- na mzizi -chez- uko mahali pa 10, kabla tu ya herufi c. Mtafiti akiandika pembeni "mzizi unaanza 10", kauli yake ni sahihi kabisa kwa wakati huo.

Sasa mhariri anachopeka neno "mdogo" pamoja na nafasi yake, jumla ya herufi 6:

Mtoto mdogo anacheza

Mpaka uliokuwa mahali pa 10 sasa uko mahali pa 16. Nambari 10 iliyoandikwa pembeni haikubadilika, na sasa inaangukia katikati ya kivumishi, baina ya "mdo" na "go". Ubaya wa kosa hili ni kwamba halijitangazi. Nambari bado ni halali, bado inaonyesha mahali palipo ndani ya matini. Kilichopotea ni uhusiano wake na kile kilichokusudiwa.

Alama inayofuata matini

Emacs hutoa njia ya pili, nayo ni alama. Alama ni kitu kinachoundwa na programu na kufungamanishwa na matini iliyofunguliwa. Ina nambari ndani yake, lakini nambari hiyo hutunzwa na programu wala si na mtumiaji. Herufi zikichopekwa kabla ya alama, nambari yake huongezeka kwa idadi ya herufi hizo. Zikidondoshwa kabla yake, hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Badiliko lililo baada ya alama haliigusi. Katika mfano wa hapo juu, alama iliyowekwa mahali pa 10 ingejikuta yenyewe mahali pa 16, ikiwa bado baina ya -na- na -chez-.

Sarufi ya Kiswahili inasaidia kulieleza jambo hili. Katika ngeli za mahali, PA- hutaja mahali dhahiri, ilhali MU- hutaja ndani. Alama moja ni ya pa-: inaonyesha hapo, bila upana wowote. Mtafiti anayetaka kushika mzizi mzima anahitaji alama mbili, moja ya mwanzo na moja ya mwisho, ndipo aweze kusema "humu mna mzizi". Kazi ya kuchagua inaanza pale herufi mpya inapochopekwa kwenye ncha yenyewe ya mipaka hiyo.

Mpaka mmoja, maana mbili

Tuseme mhariri anakiongezea kitenzi kiambishi cha yambwa -u- na kuiongeza sentensi mwishoni:

Mtoto mdogo anaucheza mpira

Herufi u imechopekwa mahali pa 16, pale pale alama ilipokuwa. Je, alama ibaki kabla ya u, au isogee baada yake? Hesabu haiwezi kujibu swali hili, kwa kuwa uchopekaji haukufanyika kabla ya alama wala baada yake. Majibu yote mawili yanawezekana, na kila moja lina maana yake kiisimu. Iwapo alama iliwekwa kuonyesha mwisho wa kiambishi cha njeo, inapaswa kubaki mahali pa 16. Iwapo iliwekwa kuonyesha mwanzo wa mzizi, inapaswa kusogea hadi mahali pa 17. Kabla ya badiliko, mwisho wa njeo na mwanzo wa mzizi vilikuwa mahali pamoja, na hakuna aliyeweza kuvitofautisha kwa kuitazama matini. Badiliko ndilo lililovitenganisha.

Emacs humwachia mtumiaji uamuzi huo. Kila alama ina sifa inayosema itafanya nini herufi zinapochopekwa juu yake. Isipoelekezwa, alama hubaki kabla ya herufi mpya. Ikielekezwa, husogea baada yake.

Upande wa mwisho wa mzizi una swali lake. Baada ya kuchopekwa -u-, mpaka baina ya -chez- na kiishio -a uko mahali pa 21. Mhariri akiongeza kiambishi cha utendea:

Mtoto mdogo anauchezea mpira

herufi e inachopekwa kwenye mpaka huo. Mtafiti anayeshughulikia mzizi atataka alama yake ya mwisho ibaki mahali pa 21, ili mzizi uendelee kuwa -chez-. Mtafiti anayeshughulikia shina lenye kunyambuliwa atataka isogee hadi mahali pa 22, ili shina liwe -cheze-. Tofauti ya mzizi na shina, ambayo wanafunzi huikariri kama fasili, hapa inakuwa amri ambayo kompyuta lazima ipewe. Asiyeiamua mwenyewe ataamuliwa na desturi ya programu.

Udondoshaji na gharama zake

Udondoshaji una hatari ya namna nyingine. Matini inapoondolewa, alama zote zilizokuwa ndani yake huangukia mahali pamoja, pale kipande kilipokatwa. Tuseme mhariri anakifuta -chez- ili aandike -ngoj-, sentensi iwe "Mtoto mdogo anaungojea mpira". Mara tu mzizi wa zamani unapofutwa, alama ya mwanzo na alama ya mwisho hukutana. Ikiwa ya mwanzo imeelekezwa kusogea na ya mwisho kubaki, kama ilivyofaa katika uchambuzi wa mzizi, basi -ngoj- ikiandikwa hapo, ya mwanzo itakuwa mbele na ya mwisho nyuma. Mzizi utakuwa umeanza baada ya kwisha. Kila alama imetii amri yake, ila amri hizo hazikutungwa kwa ajili ya kipande kilichobaki kitupu.

Yafaa pia kujua alama haifanyi nini. Mhariri akirejesha alichokifuta kwa amri ya kutengua, Emacs hujitahidi kuzirudisha alama mahali pake. Lakini akikata ubeti na kuubandika ukurasa mwingine, alama hazisafiri nao. Hubaki pale ubeti ulipong'olewa. Kwa haja hiyo Emacs ina njia nyingine, yaani sifa zinazobandikwa kwenye herufi zenyewe na kunakiliwa pamoja nazo. Vilevile, alama zina gharama: kila uchopekaji na kila udondoshaji huilazimisha programu kuzipitia alama zilizopo. Ndiyo maana anayetunga amri hushauriwa kuifungua alama isiyohitajika tena, isiwe inaonyesha mahali popote.

Herufi, baiti na hati ya Kiarabu

Hata nambari sahihi yahitaji kujulikana inahesabu nini. Emacs huhesabu herufi, lakini programu nyingine huhesabu baiti, yaani vipimo vidogo vya hifadhi. Katika mfumo wa UTF-8, herufi ya Kilatini isiyo na alama huchukua baiti 1. Neno "ng'ombe" lina herufi 7 na baiti 7 likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka. Likiandikwa kwa ritifaa iliyopinda, ambayo huchukua baiti 3, herufi ni zile zile 7 ilhali baiti ni 9. Maneno 500 ya namna hiyo yanatosha kuzitenganisha hesabu mbili kwa 1000.

Kwa matini za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, tofauti ni kubwa zaidi, kwani kila herufi huchukua baiti 2, na irabu zinazotiwa juu au chini ya konsonanti huhesabiwa kuwa herufi zinazojitegemea. Emacs imeweza kuonyesha hati hiyo kutoka kulia kwenda kushoto tangu toleo la 24 la mwaka 2012. Hata hivyo, mahali huendelea kuhesabiwa kwa kufuata mpangilio wa usomaji.

Baada ya matini kufungwa

Alama huishi maadamu matini imefunguliwa. Matini ikifungwa, alama zake hutoweka. Kwa kumbukumbu ya kudumu Emacs huhifadhi nambari pamoja na herufi chache zinazotangulia na kufuata mahali husika, kwa kawaida 16 kila upande. Matini ikifunguliwa tena baada ya kubadilishwa mahali pengine, programu hutafuta maneno hayo badala ya kuitegemea nambari peke yake.

Njia hii si ngeni kwa wasomaji wa miswada. Katika miswada ya hati ya Kiarabu, neno la kwanza la ukurasa unaofuata mara nyingi huandikwa chini ya ukurasa uliotangulia, ili kurasa zikichanganyika mpangilio uthibitishwe kwa maneno. Wahakiki wa tenzi nao wanajua kwamba nambari ya ubeti pekee haitoshi. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na kuhaririwa na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934, hunukuliwa kwa kutaja toleo, kwa kuwa miswada ya tenzi hutofautiana katika idadi na mfuatano wa beti.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba nambari hukumbuka umbali kutoka mwanzo wa matini, alama hukumbuka mahali baina ya herufi, na maneno ya jirani hukumbuka muktadha. Kila moja ina mahali inapofaa: nambari kwa matini iliyokwisha fungwa na kutajwa toleo lake, alama kwa matini iliyo mikononi mwa mhariri, na muktadha kwa matini itakayopita katika mikono ya wengi. Lakini hakuna hata moja inayojua kama mpaka uliopo ni mwisho wa njeo au mwanzo wa mzizi. Hilo hulijua mwanaisimu, naye hana budi kulisema kabla herufi ya kwanza haijachopekwa.