Jongo: Kwa Nini Kidole cha Mguu Huwaka Usiku

Mzee wa Kirotshe amekwenda kulala akiwa mzima. Usiku wa manane anaamka akilia: kidole gumba cha mguu kimevimba na kuwaka, hata shuka likikigusa hawezi kuvumilia. Asubuhi jamaa wanakutana, na kabla jua halijapanda jirani mmoja amekwisha kutajwa kuwa ndiye aliyemloga. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika hivyo. Basi, wasomaji wapenzi, tuitazame kwanza damu ya mzee, ndipo tumtazame jirani.

Chembe za mwili na za chakula zina kitu kiitwacho purini. Zikichakaa, purini huvunjwa, hasa katika ini, na mabaki yake ya mwisho ni asidi ya yuriki. Ule weupe juu ya kinyesi cha kuku ndio asidi hiyo hiyo. Mbuzi na ng'ombe wana chachu mwilini iigeuzayo kuwa kitu chepesi kuyeyuka. Sisi binadamu hatuna, wala gorila wa Virunga hawana.

Theluthi moja hivi hutoka kwa njia ya matumbo. Theluthi mbili ni kazi ya figo. Na hapa pana ajabu: katika kila sehemu 100 zichujwazo na figo, kama 90 hurudishwa damuni. Mwili hauichukii asidi hii, ila waitaka kwa kipimo. Ikizidi miligramu 7 hivi katika desilita moja ya damu, huwa kama chumvi iliyozidi majini: yaweza kuganda kuwa sindano ndogo ndogo viungoni, hasa vidoleni penye baridi. Askari wa mwili wakizishambulia, ndipo maumivu.

Tusimwite mgonjwa mlafi. Sehemu kubwa ya asidi hutengenezwa na mwili wenyewe, na figo za wengi hurudisha kupita kiasi, tabia ya kurithi. Hata hivyo sambaza, walioletwa ziwani mwetu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wana purini nyingi. Pombe nayo yaongeza asidi, tena yaizuia figo kuitoa. Maharagwe yamesingiziwa bure. Maziwa ya Masisi husaidia.

Mgonjwa apelekwe hospitali apimwe damu. Dawa iitwayo alopurinoli, itumikayo tangu miaka ya 1960, hupunguza asidi. Humezwa kila siku, hata maumivu yakiisha. Na jirani yule aombwe kushika machela.