Gita Dogo la Umeme: Lipime Kabla Hujasema Mtoto Hana Kipaji

Mtoto wa miaka saba au minane akiliacha gita wiki chache tu baada ya kununuliwa, wazazi wengi husema hana kipaji. Mara nyingi kipaji chenyewe hakijapata hata nafasi ya kujitokeza. Magita madogo ya bei nafuu huuzwa mengi yakiwa na nyuzi zilizokaa juu mno, tena nyembamba mno, na hata mpigaji mzoefu angehangaika nayo. Fundi hodari, au mzazi mwenye subira, anaweza kulitengeneza gita kama hilo kwa muda mfupi likawa chombo cha kweli.

Tuanze na urefu wa uzi. Kwenye gita la kawaida kama Fender Stratocaster, sehemu ya uzi inayotikisika ina urefu wa milimita 648. Kwenye Squier Mini, gita dogo la watoto, ni 578. Wazo hili ni la zamani: mwaka 1956 kampuni ya Fender ilitoa Musicmaster na Duo-Sonic kwa ajili ya wanafunzi, uzi ukiwa na takriban milimita 572. Uzi ukifupishwa, freti, yaani vile vyuma vilivyokatiza shingo, husogeleana na vidole vifupi huzifikia bila kujinyoosha kupita kiasi.

Lakini uzi uleule ukifupishwa na kutyuniwa kwa noti ileile, hulegea. Mkazo hupungua kufuata mraba wa urefu, kwa hiyo gita la milimita 578 hupoteza karibu asilimia 20 ya mkazo. Uzi uliolegea hutikisika kwa upana na kugonga freti. Tena ukibonyezwa kwa nguvu, noti hupanda, na watoto wanaoanza karibu wote hubonyeza kwa nguvu. Wazazi hudhani vidole laini vinahitaji nyuzi nyembamba kabisa, wakanunua seti ya namba 9 (namba hutaja unene wa uzi mwembamba kabisa, kwa sehemu za elfu za inchi). Kwa gita dogo, nunua namba 10. Mkazo wake hapo unalingana, kwa tofauti ndogo sana, na ule wa namba 9 kwenye gita kubwa. Mtoto hataumia zaidi, na gita litashika sauti.

Ukishaweka nyuzi mpya, zivute kwa mkono taratibu na kutyuni tena mpaka zitulie. Kisha fuata mpangilio huu bila kuruka, kwa kuwa kila hatua huathiri inayofuata.

Kwanza ni shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, halafu tazama freti ya 7. Panatakiwa pawe na upenyo mdogo, kama milimita 0.2, yaani unene wa karatasi mbili za kawaida. Upenyo ukizidi, kaza fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo. Usipokuwepo kabisa, ilegeze. Zungusha robo mzunguko tu, tyuni, upime tena. Ikigoma kuzunguka usiilazimishe. Mpelekee fundi.

Pili ni nati, kile kipande cha plastiki au mfupa chenye mifereji ya nyuzi, pale shingo inapokutana na kichwa. Hapa ndipo watoto wengi wanapokata tamaa, kwa sababu kodi za mwanzo, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zote hupigwa karibu na nati. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3 na utazame juu ya freti ya kwanza. Uzi unatakiwa karibu uiguse, ukiacha nafasi ambayo karatasi moja hupita kwa shida. Ukiona nafasi kubwa kuliko hiyo, mtoto analazimika kuukandamiza uzi kwa nguvu asiyokuwa nayo, na noti yenyewe inatoka juu kuliko inavyotakiwa. Mfereji huchimbwa kwa tupa nyembamba inayolingana na unene wa uzi, kidogo kidogo. Ukizidisha, uzi utalia vibaya bila kubonyezwa na nati italazimika kubadilishwa. Kama hujawahi kuifanya kazi hii, mlipe fundi.

Tatu ni kimo cha nyuzi darajani, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gita, kila moja juu ya kidaraja chake. Pima kwa rula kwenye freti ya 12, kuanzia juu ya freti hadi chini ya uzi: milimita 1.5 kwa uzi mwembamba kabisa na 2 kwa ule mnene. Usishawishike kushusha zaidi, maana nyuzi za gita fupi zinahitaji nafasi ya kutikisika.

Nne ni usahihi wa noti. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, upige, usome tyuna ya simu. Kisha bonyeza freti hiyohiyo na usome tena. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha nyuma kidaraja cha uzi huo, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Hatua hii isidharauliwe katika nchi zetu. Mpigaji solo wa dansi au rumba huhamia freti za juu sebene inapochanganya, na huko ndiko gita lisilopangwa linapoumbuka. Mtoto anayetaka kuufuata muziki huo anastahili kuzoeza sikio lake kwa noti zilizo sawa.

Mwisho, pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Mbao hupungua hewa inapokauka, ila chuma cha freti hakipungui, hivyo ncha zake huchomoza na kukwaruza mkono. Zilainishwe kwa tupa.

Ukienda dukani kununua, beba rula na karatasi. Chagua gita lenye daraja lisilochezeshwa kwa mkono wa chuma, kwani linashika tyuni vizuri zaidi kwa anayeanza. Na fundi anapolitengeneza, mtoto awe ameketi kando yake: akiondoka hapo anajua kutyuni mwenyewe na kubonyeza uzi karibu kabisa na freti, penye kuhitaji nguvu ndogo, somo lake la kwanza litakuwa limekwisha anza vizuri.