Fahamu: Tozo ya miundombinu wanayolipa wajenzi England

Tozo ya Miundombinu ya Jamii ni malipo ambayo halmashauri za England na Wales zinaweza kuwadai wanaojenga majengo mapya, ili kugharimia barabara, shule, zahanati na bustani zinazohitajika wakazi wanapoongezeka. Msingi wake ni Sheria ya Mipango ya 2008. Kanuni zilianza kutumika 2010.

Inavyokusanywa

Kila halmashauri hujiamulia kutoza au kutotoza. Viwango hupangwa kwa mita ya mraba na kupitiwa na mkaguzi huru. Deni huiva ujenzi unapoanza, si kibali kinapotolewa. Nyumba za bei nafuu zinaweza kusamehewa; hizo mara nyingi hupatikana kwa mikataba ya Kifungu cha 106 cha sheria nyingine ya mipango, ya 1990, inayomfunga mjenzi wa mradi mahususi.

Inavyotumika

Huko England, asilimia 15 ya fedha hutengewa eneo lililoguswa na ujenzi, tena kwa kikomo. Eneo lenye mpango wake lenyewe, uliopitishwa kwa kura ya wakazi, hupata asilimia 25 bila kikomo. Gharama za kuendesha tozo haziruhusiwi kuzidi asilimia 5 ya fedha hizo. Halmashauri hulazimika kuchapisha taarifa ya mapato na matumizi kila mwaka, kabla ya Desemba kwisha.