Kofia ya babu si ya kutupwa: Jinsi ya kuitambua, kuifufua na kuitunza

NA MWANDISHI WETU

KWENU ushago kuna kofia. Huenda imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, huenda iko juu ya kabati ikila vumbi, au imefungiwa sandukuni pamoja na koti ambalo hakuna anayelivaa tena. Ni ya babu, guka ama kwaru, kutegemea mnavyoitana kwenu.

Mzee akiondoka, jamaa watavutania shamba na ng'ombe. Kofia hakuna atakayeigombania. Ndipo wewe kijana wa mjini utaiomba, utafika nayo Nairobi, na Jumamosi asubuhi utaitumbukiza kwenye beseni la maji moto na sabuni, kisha uianike juani kwenye kamba. Kufikia jioni utakuwa na kitu kigumu kama bakuli, kisichomtosha hata mtoto wa darasa la kwanza.

Kofia hiyo haitakuwa imekufa kwa uzee. Utakuwa umeiua kwa usafi.

Usichukulie jambo hili kuwa dogo. Raila Odinga alipofariki nchini India Oktoba 15, 2025, akiwa na umri wa miaka 80, mwili wake ulirejeshwa nyumbani siku iliyofuata. Binti yake Winnie alishuka ndegeni akiwa ameishika kofia ya babake. Hakuna Mkenya aliyehitaji kuelezwa maana yake. Kofia hukaa kichwani kwa mtu miaka na mikaka hadi ikashika umbo lake, na mwenyewe asipokuwepo, hiyo ndiyo inayobaki na sura yake.

Na si za kurithi tu. Ukizunguka Gikomba ama Toi hapa Nairobi, Kongowea kule Mombasa au Kibuye mjini Kisumu, utakuta kofia za wanaume zimerundikwa pamoja na mikoba na mishipi. Nzuri huondoka mapema na wanaochagua kamera. Zinazobaki kwenye fagia, zilizobonyea na kujaa vumbi, ndizo mtu anayejua kofia huzipata kwa bei ya chai na mandazi. Siri ni moja tu: kabla ya kuifufua kofia, ijue kwanza.

FELTI NI NINI?

Kofia nyingi za wazee zenye ukingo, zile ambazo Kiswahili cha zamani kinaziita chepeo, zimetengenezwa kwa felti. Felti haifumwi kama kitambaa cha kawaida. Ni sufu ya kondoo au manyoya ya wanyama kama sungura, yaliyoloweshwa, yakapashwa moto na kukandamizwa mpaka yakashikana yenyewe kwa yenyewe.

Hapo sasa utaelewa kwa nini beseni la maji moto ni adui. Maji, joto na kusuguliwa ndivyo vilivyoitengeneza. Ukivirudisha vyote vitatu kwa pamoja, nyuzi zinaendelea kukazana na kofia inajikunja.

Felti ya sufu na felti ya manyoya hazilingani. Ya sufu ni nzito kidogo, ukiipapasa ina ukwaruzo, na ikinyeshewa sana hupoteza umbo haraka. Ya manyoya ni nyepesi, laini, na huvumilia mvua zaidi. Shika ukingo kwa vidole viwili, uupinde taratibu, kisha uachilie. Ukirudi mahali pake bila kubaki na mkunjo, una dalili nzuri. Usipinde kwa nguvu, maana felti iliyokauka kwa miaka mingi inaweza kuvunjika.

ISOME KWA NDANI

Geuza kofia. Mle ndani kuna mkanda, mara nyingi wa ngozi, unaozunguka pale kichwa kinapoingia. Kazi yake ni kunyonya jasho. Tafuta mshono wake: kwa kawaida huwa nyuma, wakati mwingine ukiwa na kifundo kidogo cha utepe. Sasa umejua nyuma ni wapi. Kwa nje, fundo la utepe wa kofia ya mwanamume kwa desturi hukaa upande wa kushoto. Wengi huivaa kofia kinyume bila kujua.

Kunjua mkanda huo polepole. Nyuma yake mara nyingi hufichwa kikaratasi chenye saizi. Kofia ya Marekani iliyoandikwa 7 1/8 ni sawa na kichwa cha sentimita 57. 7 1/4 ni sentimita 58. Ya Uingereza huandikwa nambari iliyo chini kidogo, kwa hivyo kichwa cha sentimita 57 kwao ni 7. Pima kichwa chako kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya masikio na katikati ya paji la uso, kabla ya kutoa pesa.

Maandishi ya ndani pia yatakusaidia kukisia umri. Anwani ya Marekani yenye nambari 5 za posta ina maana kwamba kofia si ya kabla ya 1963, mwaka ambao nambari hizo zilianza kutumika. Ikiandikwa kuwa imetoka Ujerumani Magharibi, basi ni ya kabla ya 1990. Kibandiko cha chama cha wafanyakazi kilicho na jina United Hatters, Cap and Millinery Workers hakiwezi kuwa cha kabla ya 1934, kwa sababu chama hicho kiliundwa mwaka huo.

Majina makubwa kama Borsalino ya Italia, iliyoanzishwa 1857, na Stetson ya Marekani, iliyoanzishwa 1865, yanavutia wanunuzi. Lakini jina peke yake lisikutoe mate. Kibandiko ni rahisi kuiga. Felti nzuri na mshono safi si rahisi. Zile alama za X zinazoonyesha ubora, kwa mfano 3X au 5X, nazo hazina kipimo kimoja kwa kampuni zote. Usilinganishe X za huku na za kule.

NA YA MAJANI JE?

Kofia pana ya kusukwa tunaiita pama. Ile ambayo dunia inaiita Panama haikutoka Panama. Husukwa nchini Ecuador kwa majani ya mmea uitwao toquilla, na mwaka wa 2012 Unesco iliutambua usukaji wake kama urithi wa binadamu. Jina lilishika kwa sababu kofia zilipitia Panama zikielekea sokoni, na umaarufu ukazidi Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alipopigwa picha akiwa nayo alipotembelea ujenzi wa mfereji mwaka wa 1906.

Ukitaka kujua kama imesukwa kwa mkono, angalia juu, katikati kabisa. Ya Ecuador huanza na kiduara kidogo kama ua, kisha usukaji unapanuka kutoka hapo bila mshono. Ukiona msuko mwembamba ulioshonwa ukizunguka na kuzunguka, namna ukili unavyoshonwa kule Pwani kuwa mkeka au kikapu, basi hiyo ni aina nyingine. Haina ubaya, ila usiuziwe kwa bei ya Panama.

Chunga pia kofia za karatasi. Ndiyo, karatasi iliyosokotwa ikafanana na majani. Chovya kidole kwenye maji, ugusie mahali palipofichika chini ya mkanda wa ndani. Pakilainika na kuanza kufumuka, ni karatasi. Usiisafishe kwa maji hata tone.

KUIFUFUA

Huhitaji vifaa vya bei. Unahitaji brashi laini ya nguo, kitambaa safi, birika la maji na subira.

Anza na vumbi. Piga brashi kinyume cha mshale wa saa, kuzunguka kichwa cha kofia na juu ya ukingo, kwa sababu malaika ya felti kwa kawaida hulala upande huo. Kama una kofia nyeusi na nyingine ya rangi ya maziwa, tumia brashi mbili tofauti.

Ukingoni kukiwa na mafuta, nyunyiza wanga laini wa mahindi (si unga wa ugali), uuache usiku kucha unyonye, kisha upanguse kwa brashi. Kwenye kofia nyeusi jaribu kwanza mahali pasipoonekana, usije ukabaki na madoa meupe. Sehemu iliyong'aa kwa kushikwashikwa unaweza kuipitisha msasa laini sana, kwa mkono mwepesi.

Mkanda wa ndani ukunjulie nje, uufute kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, kisha uuache ukauke kivulini. Ukiwa umeng'oka, fundi mzuri wa viatu anaweza kuushona. Mwambie apitishe uzi kwenye matundu yale yale ya zamani.

Sasa mvuke. Birika likichemka, shikilia sehemu iliyobonyea umbali wa shibiri moja hivi kutoka kwenye mvuke, kwa sekunde chache tu. Felti italainika. Iondoe, uisukume irudi mahali pake kwa vidole, uishikilie mpaka ipoe. Rudia kidogo kidogo. Mvuke usiufikie mkanda wa ngozi, kwa kuwa ngozi ikipata joto hujikunja na kofia itakubana.

Ya majani futa kwa kitambaa chenye unyevu, na ulainishe sehemu iliyopinda kwa mvuke mdogo kabla ya kuinyoosha. Ukiikunja ikiwa kavu itapasuka. Mpasuko mdogo unaweza kuzibwa kwa ndani kwa kipande chembamba cha kitambaa na gundi.

Kuna kofia moja hupaswi kuichezea. Zamani manyoya ya kofia yalitayarishwa kwa zebaki, sumu iliyowadhuru neva mafundi wengi. Marekani iliachana nayo Desemba 1941. Ukishuku kwamba felti yako ya manyoya ni ya kabla ya hapo, usiipige msasa, usiitie mvuke, wala usiivae kila siku. Iweke ndani ya kioo, uitazame.

USIFUTE KILA KITU

Hapa ndipo wengi huteleza. Felti hukumbuka. Vile vibonyeo viwili mbele ya kofia ya babu vilitokana na kidole gumba na cha shahada, kila alipoivua kusalimia watu au kuingia kanisani. Ukingo umeshuka upande mmoja kwa sababu alikuwa akiushusha jua likimpiga. Hayo si makosa ya kurekebishwa.

Mvuke ukishapita, umbo hilo halirudi. Kwa hivyo piga picha kofia pande zote kabla ya kuigusa. Kisha jiulize: ninaondoa uchafu au ninamwondoa mtu? Vumbi liondoe. Nondo waondoe. Pale ukuta ulipoibana mpaka ikapinda, nyoosha. Alama ya mkono wake iache. Ile ya Gikomba, ambayo hukumjua mwenyewe, itengeneze upendavyo.

KUITUNZA

Ishike kwa ukingo, si kwa vibonyeo vya mbele, hasa ya majani. Ukiiweka mezani, ilaze kichwa chini, ukingo juu, usije ukalala bapa. Usiiache kwenye dashibodi ya gari. Joto la mchana huikausha ngozi na kuikunja.

Ikinyeshewa, kung'uta maji, kunjua mkanda wa ndani na uiache ikauke yenyewe. Usiipeleke kwa jiko wala juani. Usiifungie kwenye mfuko wa plastiki, hasa ukiwa Mombasa, maana unyevu utaleta ukungu. Sanduku la kadibodi lenye hewa linatosha.

Ukiona vitundu vidogo, nondo wameingia. Kwao sufu na manyoya ni chakula. Ifunge vizuri kwenye mfuko, uiweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha uitoe na kuiacha irudi kwenye joto la kawaida kabla ya kufungua mfuko na kuipiga brashi. Mama atauliza maswali, lakini utamweleza.

Ikikupwaya, usikimbilie kununua nyingine. Kunja ukanda wa gazeti, uupachike nyuma ya mkanda wa ndani. Wazee wamefanya hivyo miaka nenda miaka rudi.

Na kama mwenyewe bado yuko hai, mpigie simu wikendi hii. Muulize aliinunua wapi, mwaka gani, na ilikuwa ya kuendea nini. Andika majibu kwenye kikaratasi, utie na jina lake, ukifiche nyuma ya mkanda pamoja na ile saizi. Siku moja mtu mwingine ataigeuza kofia hiyo na kutafuta humo.