Meli ya Liemba Ilikuwa ya Nani?

Huenda umewahi kusikia habari za Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Je, ilikuwa mali ya nani?

Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa, ikatiwa katika makasha, ikaletwa Dar es Salaam. Makasha yalipelekwa Kigoma kwa reli. Huko meli iliunganishwa tena, ikashushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliiita Graf von Götzen.

Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiichukue. Kwanza waliipaka mitambo yake grisi isipate kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua. Mwaka 1927 ilianza kazi kwa jina la Liemba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Liemba ilibaki mali ya Tanzania.

Tumejuaje haya? Yaliandikwa. Jina hubadilika, mwenye mali hubadilika, maandishi hubaki.

Nawe ukinunua mtumbwi, usitegemee maneno matupu. Andikeni hati: jina la muuzaji, jina la mnunuzi, bei, tarehe na mashahidi. Itunze. Siku ya ugomvi, hati itakusemea.