Bustani za nyumbani Dar es Salaam

Bustani ya nyumbani ni sehemu ya kiwanja cha makazi inayoachwa wazi na kupandwa miti, maua, nyasi au mboga. Katika jiji la Dar es Salaam, Tanzania, aghalabu ni ukanda mwembamba kati ya nyumba na ukuta. Hupata maji mengi mno wakati wa mvua na machache mno wakati wa kiangazi, kwa hiyo anayeipanga hana budi kufikiria maji kabla ya maua.

Maji na udongo

Mvua hunyesha hasa wakati wa masika (Machi hadi Mei), na kwa kiasi kidogo wakati wa vuli (Oktoba hadi Desemba). Uwanja wa mchanga unaofagiliwa kila asubuhi hunywa maji hayo. Siku hizi wenye nyumba wengi husakafia uwanja wote kwa saruji au pevingi ili kuepuka matope. Uwanja huwa safi, lakini maji hukosa pa kuzama. Hukimbilia kwa jirani aliye chini, kisha kwenye mifereji na mito kama Msimbazi, ambao bonde lake hufurika mara kwa mara. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Hayakuletwa na saruji ya nyua za watu, lakini kila uwanja uliozibwa huongeza maji yanayoteremka bondeni.

Inatosha kusakafia pale wanapopita watu na gari. Sehemu inayobaki iwe chini kidogo kuliko njia, ili maji yaingie bustanini.

Maji ya paa nayo yafaa kukingwa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Hivyo paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 2,000, ingawa kiasi fulani hupotea njiani. Tangi lifunikwe vizuri, maana mbu wa jenasi Aedes, wanaoeneza homa ya dengi, huzaliana katika maji yaliyotuama vyomboni, hata kwenye visahani vya vyungu vya maua. Maji ya visima vya karibu na bahari mara nyingi yana chumvi. Ni busara kuyaonja kabla ya kununua miche.

Udongo wa sehemu nyingi za jiji ni kichanga na haushiki maji. Mboji na matandazo ya majani makavu husaidia kuliko kumwagilia mara mbili kwa siku.

Kivuli na harufu

Mti wa kivuli hufaa zaidi upande wa magharibi, ambako jua la alasiri huchoma ukuta. Upande wa kusini-mashariki usizibwe kwa ua mzito, kwani ndiko unakotoka upepo wa kusi. Miti mikubwa ya jamii ya mtini ni hatari katika kiwanja kidogo: mizizi yake hupasua karo na msingi wa nyumba. Mkomamanga, mndimu na mstafeli hutosha, na huzaa.

Waswahili wa pwani tangu zamani wamethamini harufu ya mimea kuliko rangi yake. Mwasumini, mrehani, mkilua, mlangilangi na msanapiti hupandwa karibu na nyumba, na baadhi ya maua yake hutumika kutengenezea vikuba vya wanawake. Mwasumini hunukia zaidi usiku, kwa hiyo mahali pake ni karibu na baraza au dirisha la chumba cha kulala, wala si getini.

Nyasi na mboga

Ukoka hugeuka kahawia wakati wa kiangazi na kuchipua tena mvua zikirudi. Kuumwagilia miezi yote ili ubaki kijani ni gharama isiyo ya lazima. Penye jua la kutosha, matembele hutambaa na kufunika ardhi vilevile, tena huchumwa kwa mboga.