Mlenga shabaha, hesabu maganda kabla ya bunduki

WAFANYABIASHARA na wawekezaji wadogo wa Tarime na Serengeti wanaofikiria kuingia katika mchezo wa kulenga shabaha masafa marefu wanashauriwa kutazama kwanza soko la maganda ya risasi, ndipo waulize bei ya bunduki. Bunduki hununuliwa mara moja. Risasi hununuliwa kila msimu, na hapo ndipo mtaji unapoishia.

Risasi ina sehemu nne: kichwa, baruti, fataki na ganda. Tatu za kwanza huteketea mara tu unapofyatua. Ganda hubaki mkononi, nalo ndilo mali. Hutengenezwa kwa brasi, mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30, kwa sababu madini hayo hutanuka kuziba chemba wakati wa mlipuko kisha hunywea tena likatoka kwa urahisi. Ganda zuri hujazwa mara nyingi. Chukua mfano wa maganda 200 yanayojazwa mara 10 kila moja: hayo ni mapigo 2,000. Ganda la bei ya chini likipasuka shingo baada ya mara tatu, unafuu wake umekwisha zamani.

Kwa upande wa aina, ushindani ni kati ya mbili. Ya kwanza ni .308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1952, ndugu wa 7.62 ya majeshi ya NATO. Ya pili ni 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady ya Marekani mwaka 2007. Kwa umbali wa yadi 1,000, yaani mita 914, Creedmoor huyumbishwa kidogo zaidi na upepo na hushuka kidogo zaidi kuliko .308. Wauzaji hawaachi kulisema hilo. Wasichokisema kwa sauti ni kwamba mtutu wake huchakaa mapema. Yale mapigo 2,000 ya mfano wetu yanaweza kuwa yamekaribia mwisho wa ubora wake mashindanoni, wakati wa.308 bado una kazi.

Kuna na suala la kanuni. Katika mashindano ya raifo kwa mtindo wa Bisley, Uingereza, pamoja na daraja la F-TR, zinazoruhusiwa ni .308 na .223 tu. Mwenye Creedmoor atapangwa daraja la wazi, ambako wenzake wana bunduki za gharama kubwa zaidi. Kwa mtu wa mtaji mdogo, maoni ya ukurasa huu ni .308. Maganda yake hutengenezwa na viwanda vingi, kuanzia Lapua ya Finland hadi Winchester, na muuzaji mmoja akiishiwa hukwami.

Wapo wanaosema wanunue bunduki moja ya mashindano na ya uwindaji pia. Hesabu hiyo haikai. Sheria ya uwindaji nchini hudai .375 kwenda juu kwa wanyama hatari kama nyati, na .375 H&H ya mwaka 1912 hula baruti nyingi na kupiga bega vibaya mno kwa mtu anayefyatua mara 60 kwa siku. Hata jirani na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994, hizo ni shughuli mbili tofauti.

Sasa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Maganda 100 ya .308 yana uzito wa kilo moja na kidogo, hivyo kwenye mizani ni brasi ya kawaida tu, tena safi. Lakini Tarime si mahali pa kununua maganda gizani. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 silaha za kivita ziliingia katika wizi wa mifugo huko, na polisi hawajasahau. Gunia la maganda ya kijeshi lisilo na maelezo ni kesi, na faida ya kilo chache haitalipa wakili. Mlengaji naye asiyatafute: huwa na kuta nene, nafasi ya baruti ni ndogo, na kipimo salama kwa ganda la kiraia kinaweza kuzidisha shinikizo ndani yake.

Silaha na risasi zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na leseni hutolewa kupitia polisi. Anayetaka mashine ya kujazia aulize kibali kabla ya kuagiza, maana kujaza ni kutengeneza risasi. Anayetaka kuvuka Sirari kwenda kushindana Kenya aanze mapema, kwani atahitaji vibali vya pande zote mbili, na risasi huhesabiwa moja moja.

Ukishapata leseni, nunua maganda yote kwa mkupuo, ya kiwanda kimoja na toleo moja. Ukichanganya matoleo, uzito hutofautiana, na kwa mita 914 tofauti hiyo huonekana kwenye ubao.